Mgonjwa mzee anaposema "siendi hospitali": nani aamue, na aamue vipi?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mhudumu wa gari la wagonjwa, bado mgeni kazini. Usiku mmoja tuliitwa kwa bibi wa miaka 84 aliyeanguka akielekea msalani. Tulimkuta ameshainuliwa na kuketishwa kitandani. Anaongea, presha 118 kwa 70, mapigo 72, oksijeni nzuri, analalamika nyonga ya kulia. Akasema haendi hospitali. Mwanawe akatuambia, "Mbebeni, huyu hajui tena anachosema." Tukambeba. Alilia njia nzima, na mwenzangu akaniambia ndivyo kazi ilivyo. Je, tulikosea? Na kwa wazee kama huyu uamuzi ni wa nani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lililo wazi: ushauri wa kwenda hospitali ulikuwa sahihi. Mtu wa umri huo akianguka na nyonga ikamuuma, anahitaji eksirei. Tatizo ni kwamba usiku ule hakuna aliyeamua. Mwana alitoa amri, bibi akakataa, nanyi mkafuata sauti iliyokuwa na nguvu zaidi chumbani. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mambo matatu, sikuyaona: bibi alikuwa anaishije kabla ya kuanguka, anatumia dawa gani, na kwa nini alikataa. La tatu ndilo linalonisumbua zaidi.

Unapofika kwa mgonjwa mzee, jiulize kwanza una dakika ngapi. Njia ya hewa ikiziba, damu ikimwagika, mdomo ukipinda na mkono ukilegea ghafla, mazungumzo hufanyika huku mikono inafanya kazi, kwa sentensi mbili tu: "Bibi, naona dalili za kiharusi. Nataka tuondoke sasa hivi, unakubali?" Kwa kiharusi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa hiyo familia iulizwe hilo mapema kabisa: mara ya mwisho mlimwona yuko sawa saa ngapi? Ila simu nyingi za wazee haziko hivyo. Ameanguka, ameishiwa nguvu, ana kizunguzungu, "leo hayuko kama kawaida". Hapo unazo dakika 15 au 20 za kukaa naye, na usiruhusu mtu akwambie unachelewesha kazi. Kumsikiliza ndiyo kazi.

Lakini kabla hujamsikiliza ujue unachomwomba aamue, na vipimo vya wazee hudanganya. Presha ya 118 ni nzuri kwa kijana. Kwa bibi aliyezoea kuishi na 160, inaweza kuwa ishara kwamba anavuja damu ndani. Miongozo ya Marekani ya kuchagua majeruhi wa kupelekwa vituo vikubwa inaweka mpaka wa hatari kuwa chini ya 110 kwa wenye miaka 65 na zaidi, si ile 90 iliyozoeleka kwa watu wazima wengine. Mapigo 72 nayo hayakuhakikishii lolote kama anameza atenolol, bisoprolol au propranolol, kwa sababu dawa hizo huuzuia moyo kwenda mbio hata pale unapotakiwa kwenda mbio. Maambukizi makali huweza kuja bila homa. Mshtuko wa moyo huweza kuja bila maumivu ya kifua, ukajionyesha kwa pumzi fupi, jasho au uchovu usioelezeka, na pengine ndio uliomwangusha. Kichwani, ubongo hupungua ukubwa kadiri umri unavyosonga, hivyo damu inaweza kukusanyika polepole ndani ya fuvu huku mgonjwa akikujibu vizuri kwa saa kadhaa. Kama anatumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, hata kugonga kichwa kidogo ni sababu ya kumshauri afanyiwe kipimo cha CT. Na nyonga iliyovunjika kwa mfupa kubanana inaweza kubeba uzito, akatembea nayo hatua chache, kwa hiyo "mbona amesimama" haiondoi shaka.

Uliza pia alikaa sakafuni kwa muda gani. Ikizidi saa moja, jihadhari: misuli iliyobanwa huanza kuharibika na kumwaga ndani ya damu vitu vinavyoumiza figo, mwili hupoa, ngozi ya matakoni na visiginoni huanza kufa. Ndugu walipomketisha kitandani kabla hamjafika, walimsaidia, ila waliondoa ushahidi huo machoni penu. Lazima uuulizie.

Sasa lile la kwanza nililolikosa kwenye barua yako. Mwaka 2005 Kenneth Rockwood na wenzake huko Kanada walitoa kipimo cha udhaifu wa uzeeni ambacho leo kina ngazi 9, kuanzia mzee mwenye siha ya kufanya mazoezi hadi yule aliye ukingoni mwa maisha. Huhitaji kukariri ngazi zote. Chukua kanuni yake moja: unapima hali ya mtu ilivyokuwa wiki mbili zilizopita, kabla ya ugonjwa huu. Hapo familia hujichanganya, maana ukiuliza "yukoje?" watakueleza unachokiona mwenyewe. Uliza vitendo. Wiki mbili zilizopita alikuwa anajivalisha mwenyewe? Anaoga mwenyewe? Anatoka nje peke yake? Alikuwa anajua tarehe, anashika hesabu za nyumba? Aliyekuwa akipanda ngazi na leo hawezi kuinuka kitandani ni mgonjwa sana hata vipimo vikiwa vizuri. Aliyekuwa hainuki kwa miezi sita ni suala jingine. Kipimo hiki kinakusaidia kuona matibabu yatamgharimu nini mwilini na yatamrudishia nini. Nasisitiza hili kwa uchungu kwa sababu nimeona kikitumiwa vibaya: hakikupi ruhusa ya kusema huyu amezeeka, muacheni.

Tuje kwenye "hajui tena anachosema". Hiyo ni kauli ya kupimwa, wala si ya kukubaliwa kwa sababu imetoka kwa mtoto wake. Anza kwa kuamini kwamba bibi ana uwezo wa kuamua, kisha angalia mambo manne, ambayo sheria ya England na Wales ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua imeyaweka vizuri. Anaelewa ulichomweleza? Anaweza kukishika kichwani kwa muda wa kutosha kuamua? Anaweza kukipima, faida kwa hasara? Anaweza kukuonyesha uamuzi wake kwa njia yoyote, hata kwa kutikisa kichwa? Sheria hiyo inaongeza kwamba uamuzi unaoonekana kwetu si wa busara hautoshi kuwa ushahidi wa kukosa uwezo. Tena uwezo hupimwa kwa jambo moja kwa wakati mmoja. Anayesahau jina la mjukuu bado anaweza kukueleza vizuri sana kwamba hataki kukatwa mguu. Ugonjwa wa kusahau haumwondolei mtu sauti yake siku ulipoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Usichokubali kupitwa nacho ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, kunakokuja kwa saa au siku chache na kupanda na kushuka. Hiyo ni dharura, na nyuma yake kuna kitu: maambukizi, sukari kushuka, dawa mpya, mkojo uliozuiliwa, maumivu, damu kichwani. Mwambie ataje miezi ya mwaka kurudi nyuma kuanzia Desemba. Akifika Juni bila kukosea, umakini wake una nguvu. Akishindwa hata kuanza, au akianza akapotelea kwenye jambo jingine, uliza familia kama jana alikuwa hivi. Kama hajazoea miezi hiyo, mpe siku za wiki, Jumapili kurudi Jumatatu. Mwangalie zaidi yule mkimya, aliyelala tu, anayejibu "ndiyo" kwa kila kitu. Mwenye fujo kila mtu anamwona. Huyu mtulivu ndiye hupita bila kugundulika, na "ndiyo" yake huchukuliwa kuwa ridhaa.

Kabla ya kuhitimisha kwamba hawezi kuamua, ondoa vizuizi. Pima sukari. Mtafutie miwani na kifaa chake cha kusikia. Wazee wengi hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo kupiga kelele kunaharibu zaidi. Shusha sauti yako iwe nzito, ongea taratibu, kaa usawa wa macho yake ili aone midomo. Zima televisheni. Muulize kama anataka kwenda haja. Na mtulize maumivu, jambo ambalo sioni kama mlilifanya. Mtu mwenye nyonga iliyovunjika hawezi kupima faida na hasara huku kila mtikisiko unamchoma. Wazee hupewa dawa za maumivu kidogo kuliko wanavyostahili, kwa hofu yetu sisi. Anza na dozi ndogo, subiri, ongeza, kwa kufuata mwongozo wenu, kisha ndipo mzungumze.

Mwana naye mpe kazi nje ya chumba. "Kaka, naomba unikusanyie dawa zote za mama, hata za zamani, na kadi zake za kliniki." Utapata dawa, utapata nafasi ya kukaa na bibi peke yake, na yeye atapata kitu cha kufanya na hofu yake. Maana ile amri yake ni hofu. Anaogopa kwamba mama akifa usiku ule ndugu watamuuliza kwa nini hakumpeleka. Ukiyajua hayo hutamgombeza.

Kisha muulize bibi, kwa maneno kama haya: "Nimesikia hutaki kwenda hospitali. Nisaidie nielewe. Ukifikiria kwenda, kitu gani kinakusumbua?" Halafu nyamaza, na huku kunyamaza ndiko kugumu. Vijana wengi wa kazi yetu husubiri kidogo tu wakajaza ukimya kwa maelezo ya hatari. Mzee mwenye maumivu anahitaji muda mrefu kuliko unavyodhani kupanga maneno.

Utakachosikia mara nyingi hakihusu hospitali kwa ujumla. Mmoja atakwambia mumewe aliingia wodini akitembea na hakutoka. Mwingine ana mume ndani ambaye hawezi kujilisha, na hakuna wa kubaki naye. Mwingine anaona aibu kwa sababu amejikojolea alipoanguka, na hakutaka kubebwa hivyo mbele ya majirani. Mwingine anajua gharama zitamwangukia mtoto ambaye tayari ana madeni. Mwingine anaogopa tu ule mwinuko wa kutoka kitandani hadi kwenye machela. Haya mengi yanatibika. Nguo kavu, shuka ya kumfunika, dawa ya maumivu dakika kadhaa kabla ya kumhamisha, simu kwa binti atakayekuja kubaki na baba. Nimeshuhudia "siendi" ikigeuka kuwa "haya, twende" baada ya mtu kuitiwa jirani wa kukaa na mgonjwa wake. Hakuna aliyemshawishi. Aliondolewa kilichokuwa kimemfunga.

Na wengine watabaki na msimamo wao, kwa sababu nzuri. Hospitali si mahali pasipo na hatari kwa mzee. Huchanganyikiwa kwa mazingira mageni na kukosa usingizi, hupata vidonda vya mgandamizo, huwekewa mipira ya mkojo isiyohitajika, huanguka tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya njema kitandani kwa siku 10. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima. Kwa hiyo unapompa chaguo usimwambie "ukibaki utakufa, ukienda utapona". Mwambie ukweli wenye pande zake. Madaktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani walitengeneza njia ninayoipenda: kwa kila chaguo unaeleza likienda vizuri itakuwaje, likienda vibaya itakuwaje, na lipi linaelekea zaidi kutokea. Kwa bibi yako ningesema hivi:

"Naona nyonga inaweza kuwa imevunjika. Ukienda, watapiga picha. Kama imevunjika, upasuaji ndio unaopunguza maumivu vizuri zaidi na kukupa nafasi ya kusimama tena. Mambo yakienda vibaya unaweza kupata matatizo ya kifua au kuchanganyikiwa kwa siku kadhaa. Ukibaki na kama imevunjika, utalala kitandani na kila kukugeuza kutauma, na wengi hawainuki tena. Kama haijavunjika, utapona hapa hapa. Mimi nikikugusa naona inaelekea imevunjika. Kwako wewe, jambo gani ni la muhimu kuliko yote siku hizi?"

Akijibu kwamba anataka kwenda msalani mwenyewe bila kushikwa, umeshapata njia: "Basi kwa hilo unalolitaka, mimi nakushauri twende." Toa ushauri wako. Kumwachia mgonjwa mezani machaguo matatu na kukaa kimya ukisema ni haki yake kuamua, ni kumtupa. Anachohitaji ni mtu anayejua, aliyemsikiliza, anayesema anaonaje. Kisha muombe akueleze kwa maneno yake mlichokubaliana. Kama maelezo yake hayafanani na yako, rudia wewe, kosa ni la maelezo.

Kati ya kwenda na kubaki kuna njia nyingine. Mpigie simu daktari wa zamu na bibi azungumze naye. Panga aende asubuhi kukiwa na mtu wa kumsindikiza, kama hali inaruhusu kusubiri. Mtulize maumivu, kaa, uliza tena.

Akiwa na uwezo na bado akakataa, kazi yako haijaisha. Wengi wetu tumefundishwa kutafuta saini na kuondoka. Saini haimlindi mgonjwa. Kama hushuku kuvunjika, mwone akikaa, akisimama, akitembea hatua zake za kawaida mpaka msalani na kurudi. Mpime presha amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama. Ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umepata sababu moja ya kuanguka, na ataanguka tena usiku huo huo. Nani analala hapa leo? Simu iko karibu na mkono wake? Waeleze dalili za kupiga simu tena: kutapika, usingizi usio wa kawaida, kichwa kuuma kunakoongezeka, kushindwa kusimama, kuongea visivyoeleweka. Na mwambie kwa maneno haya haya: "Ukibadili mawazo saa yoyote, tupigie, hatutakulaumu." Kuna wazee waliokaa na maumivu mpaka asubuhi kwa kuona aibu kuwaita tena watu waliowakatalia.

Hali moja niitaje peke yake. Mzee mwenye kisukari anayemeza glibenclamide, sukari ikashuka, mkampa glukosi akazinduka na kusema yuko sawa: msimamo wangu ni kumshawishi kwa nguvu zote aende, maana dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari hushuka tena mkiwa mmeshaondoka.

Asiye na uwezo wa kuamua wakati ule, na hali ni ya hatari, atibiwe na apelekwe kwa faida yake, kwa nguvu kidogo iwezekanavyo na kwa kumweleza kila hatua hata kama hashiki. Hapo mwana anakuwa shahidi wa mama yake. Usimuulize "wewe unataka tufanye nini?" Muulize "mama angekuwa na akili zake timamu leo, angesema nini? Amewahi kulizungumzia?" Nani anaruhusiwa kisheria kumwamulia hutofautiana nchi na nchi, jifunze ya kwenu kabla ya zamu. Na ukionyeshwa karatasi ya daktari inayosema asifufuliwe moyo ukisimama, isome yote. Inahusu kukandamiza kifua na kumshtua moyo. Haisemi asipewe oksijeni, asitulizwe maumivu, asitibiwe nimonia au asipelekwe hospitali. Kwa anayekaribia kufa na aliyetaka kufia nyumbani, kuitwa kwenu mara nyingi ni kwa sababu pumzi imebadilika na familia imeogopa. Dawa ya kutuliza, simu kwa wanaomhudumia na dakika 20 za kukaa nao vinaweza kuwa ndiyo huduma yote inayohitajika.

Mkishaondoka na mgonjwa, hakikisha miwani, meno ya bandia, kifaa cha kusikia, viatu na mfuko wa dawa vimeingia garini. Kwenye fomu andika hali yake ya wiki mbili zilizopita, muda aliokaa sakafuni, matokeo ya ile miezi ya kurudi nyuma, namba ya simu ya anayemjua vizuri, na maneno yake mwenyewe kuhusu anachokitaka na anachokiogopa, kama alivyoyasema. Muuguzi anayewapokea msomee hayo kwanza, presha baadaye.